Yaliyobaki Ndani ya Kaseti: Historia ya Pokémon Isiyoonekana Mchezoni

Kaseti za kwanza za Pokémon, toleo Jekundu na toleo la Kijani, zilianza kuuzwa Japani tarehe 27 Februari 1996. Ndani yake mna orodha mbili za viumbe. Ya kwanza ndiyo anayoiona mchezaji: inaanza na Bulbasaur namba 1 na kuishia kwa Mew namba 151. Ya pili haionyeshwi popote kwenye skrini. Hiyo ndiyo ambayo programu yenyewe huitumia kumtambua kila kiumbe, na mpangilio wake haufanani hata kidogo na ule wa kwanza. Namba 1 humo ni Rhydon, mnyama mzito mwenye pembe puani. Namba 2 ni Kangaskhan. Pikachu, ambaye sura yake imeenea dunia nzima, yuko namba 84. Bulbasaur anayeongoza orodha ya wachezaji yuko nyuma kabisa, namba 153.

Orodha hiyo ya ndani ina nafasi 190. Viumbe waliofika sokoni ni 151. Nafasi 39 zilizosalia ni mapengo yaliyotapakaa katikati ya wengine, moja hapa, mbili pale. Ken Sugimori, mchoraji mkuu wa mchezo huo, amewahi kuthibitisha kwamba Rhydon ndiye kiumbe wa kwanza kubuniwa. Kwa hiyo orodha ya ndani ni daftari la kazi: inaonyesha nani alikuja mapema, nani alikuja mwishoni, na ni wapi palifutwa kitu.

Matangazo ya gemu husimulia ushindi, na mahojiano husimulia yale ambayo wahusika wameamua kuyakumbuka. Yaliyoachwa ndani ya kaseti hayakuwekwa ili yasomwe na mtu, na kwa sababu hiyo yanaeleza vizuri zaidi kazi ilivyofanyika kuliko maelezo yoyote yaliyoandaliwa. Katika Pokémon mabaki hayo yana uzito zaidi, kwa kuwa moja kati yake ndilo lililouokoa mchezo wote.

Jarida la siri

Satoshi Tajiri, muasisi wa Pokémon, alizaliwa Tokyo mwaka 1965 na kukulia Machida, upande wa magharibi wa jiji hilo, wakati bado kulikuwa na mashamba ya mpunga, mabwawa na vichaka. Alikusanya wadudu kwa bidii hadi watoto wenzake wakampachika jina la Daktari Mdudu. Jiji likapanuka, mabwawa yakafukiwa, nyumba na maduka yakajengwa juu yake, na kumbi za michezo ya mashine zikafunguliwa. Kijana aliyekuwa akiinua mawe kutafuta mbawakawa akahamishia upekuzi wake kwenye mashine hizo.

Mwaka 1983, kabla hajatimiza miaka ishirini, alianzisha jarida aliloliita Game Freak. Aliliandika kwa mkono, akatoa nakala kwenye mashine ya fotokopi na kuzibana kwa pini. Ndani yake alieleza namna ya kushinda michezo migumu na kufichua siri ambazo watengenezaji walizificha humo. Ken Sugimori alikutana na jarida hilo dukani, akalipenda, akajiunga nalo kama mchoraji. Kazi yao ya kwanza pamoja, basi, ilikuwa kuchungulia nyuma ya pazia la gemu za watu wengine.

Baada ya miaka kadhaa ya kukosoa, waliamua kutengeneza wenyewe. Quinty, gemu yao ya kwanza, ilitolewa na kampuni ya Namco mwaka 1989, na mwaka huohuo Game Freak likawa jina la kampuni. Nayo Nintendo ilikuwa imetoa Game Boy mwezi Aprili: mashine ya mkononi yenye skrini ya nukta 160 kwa 144, vivuli vinne tu vya rangi, na tundu la kebo ya kuunganisha mashine mbili. Watengenezaji wengi waliitumia kebo ile kwa mashindano. Tajiri alipoitazama aliwaza wadudu wakitambaa ndani ya waya, wakitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine.

Kulikuwa na kisa kingine pia. Katika Dragon Quest II ya mwaka 1987 kuna kofia adimu ambayo mchezaji huipata kwa bahati. Sugimori alipata mbili, Tajiri hakupata hata moja. Hapakuwa na njia ya rafiki kumpa rafiki yake ile ya ziada. Wazo la kubadilishana, ambalo baadaye lilikuwa moyo wa Pokémon, lilizaliwa kwa sehemu kutokana na kofia hiyo.

Mjeledi uliobaki mkononi

Mwaka 1990 Tajiri na wenzake waliipelekea Nintendo pendekezo la mchezo walioupa jina la Capsule Monsters. Baadhi ya michoro ya pendekezo hilo imechapishwa miaka ya karibuni, nayo inaonyesha mchezo ambao si huu tunaoujua. Kuna duka ambamo viumbe wanauzwa kama bidhaa. Kuna kipimo cha haiba ya mtu, kinachoamua kama kiumbe atamtii au la. Kuna binadamu mwenye mjeledi akiwaongoza wanyama wake vitani. Jina lenyewe liliachwa kwa sababu ya haki za alama za biashara, na baada ya kubadilishwa likawa Pocket Monsters.

Duka la viumbe liliondolewa. Kipimo cha haiba kiliondolewa. Mjeledi haukuondoka wote. Mchezaji wa toleo Jekundu anapokutana na baadhi ya wakufunzi njiani, hasa wale wafunza wanyama, picha inayotokea ni ya mtu aliyeshika mjeledi. Hauna kazi yoyote: hakuna kanuni inayoutumia wala sentensi inayoutaja. Ni mchezo wa mwaka 1990 unaochungulia ndani ya mchezo wa mwaka 1996. Ukilinganisha na matoleo ya baadaye, ambamo mkufunzi na viumbe wake husawiriwa kama marafiki, unaona fikra za watengenezaji zilivyosogea. Walianza na mtu anayetawala wanyama, wakamaliza na mtu anayesafiri nao.

Safari hiyo iliwachukua miaka sita. Game Freak ilikuwa kampuni ndogo isiyo na akiba. Ili mishahara ipatikane, Pokémon iliwekwa kando mara kwa mara huku wakitengeneza gemu nyingine: Yoshi mwaka 1991, Mario & Wario mwaka 1993, na Pulseman mwaka 1994, hii ya mwisho kwa ajili ya mashine ya Sega. Tajiri ameeleza katika mahojiano kwamba fedha zilipokauka wafanyakazi watano waliacha kazi, na yeye mwenyewe hakuchukua mshahara, akaishi kwa kumtegemea baba yake. Tsunekazu Ishihara alisimama nao na kampuni yake, Creatures. Shigeru Miyamoto wa Nintendo alitoa ushauri uliobadilisha biashara nzima: mchezo utolewe kwa matoleo mawili ya rangi tofauti, kila moja likikosa viumbe waliomo katika jingine, ili watoto walazimike kutafutana.

Wakubwa kabla ya wadogo

Tukirudi kwenye orodha ya ndani tunaona miaka hiyo sita ilivyopita, namba kwa namba.

Rhydon ni namba 1, lakini Rhyhorn, ambaye katika mchezo ndiye umbo lake la utotoni, ni namba 18. Gyarados, joka la maji lenye hasira, ni namba 22. Magikarp, samaki dhaifu anayekua na kuwa Gyarados, ni namba 133. Ivysaur ni namba 9, na Bulbasaur anayemtangulia kwa umri ni namba 153. Blastoise, kobe mwenye mizinga, ni namba 28, wakati Squirtle na Wartortle, ambao mchezo unasema ndio utoto na ujana wake, ni namba 177 na 179.

Hapa kuna jambo ambalo mchezaji hawezi kulihisi akiwa na mashine mkononi. Kwake yeye kukua ndiko msingi wa kila kitu: unampata mdogo, unamlea, anabadilika. Orodha inaonyesha kwamba kwa watengenezaji mambo yalikwenda kinyume. Walianza na wanyama wakubwa wa kutisha, wa aina ya majitu ya filamu za Kijapani za utoto wao, kisha wakarudi nyuma kuwatafutia watoto. Squirtle, Charmander na Bulbasaur, watatu anaokabidhiwa kila mchezaji dakika za mwanzo, wako miongoni mwa waliochelewa kabisa kuingia. Mlango wa nyumba ulijengwa baada ya vyumba.

Pikachu ana mkasa wake hapo katikati. Alichorwa na Atsuko Nishida, aliyeombwa alete viumbe wenye sura ya kupendeza baada ya wengi wa mwanzo kuwa wenye sura kali. Yeye ni namba 84, na Raichu, umbo lake la utu uzima, ni namba 85. Mwaka 2018, katika mahojiano na gazeti la Yomiuri, Nishida, Sugimori na mwenzao Koji Nishino walieleza kwamba kulikuwa na umbo la tatu, Gorochu, mwenye meno yaliyojitokeza na pembe mbili kichwani. Aliondolewa kwa ajili ya uwiano wa mchezo. Katika orodha ya ndani, namba 86 na 87, zinazofuata mara tu baada ya Raichu, ni tupu.

Katika mahojiano yaleyale Nishino alisimulia kwamba alimpenda Pikachu kiasi cha kutaka abaki wake peke yake, hivyo akamfanya awe mgumu kupatikana. Ndiyo maana wachezaji wa mwaka 1996 walizunguka msitu wa Viridian kwa muda mrefu kabla ya kumwona hata mmoja. Upendo wa mtu mmoja ofisini uligeuka kuwa kanuni ya mchezo, na kanuni hiyo ikamfanya panya yule awe hazina kwa watoto.

Si viumbe tu waliokatwa. Ndani ya kaseti kuna vikosi vitatu kamili vya Profesa Oak, yule mzee anayemkabidhi mchezaji kiumbe wake wa kwanza. Kila kikosi kina Tauros wa kiwango cha 66, Exeggutor wa 67, Arcanine wa 68, mmoja wa wale watatu wa mwanzo akiwa amekomaa katika kiwango cha 69, na Gyarados wa 70. Hakuna mpinzani wa kawaida katika mchezo mwenye nguvu hizo, hata bingwa wa mwisho hafiki hapo. Mzee huyo alikuwa ameandaliwa kwa pambano kubwa kuliko yote, akaachwa amesimama maabara na silaha zake zote. Vikosi ni vitatu kwa sababu wa nne katika orodha yake hubadilika kulingana na kiumbe aliyechaguliwa na mchezaji mwanzoni. Maana yake kazi ya pambano hilo ilikuwa imefika mbali kabla ya kuachwa.

Baiti 300

Kaseti ya Japani ya toleo Jekundu au la Kijani ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 512. Picha moja inayopigwa kwa simu ya leo huwa kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Humo ndimo ilimotakiwa kuingia miji, mapango, muziki, mazungumzo, viumbe 150 na kanuni zote za mapambano. Kufikia mwisho wa kazi hapakuwa na pa kuweka hata mstari.

Kisha wakaondoa zana za ukaguzi. Hizi ni sehemu za programu wanazozitumia watengenezaji kujaribu mchezo, na huondolewa kabla ya kaseti kwenda kiwandani. Shigeki Morimoto, mmoja wa waandishi wa programu, ameeleza kwamba kuondolewa kwake kuliacha nafasi ya takriban baiti 300. Ukaguzi wa hitilafu ulikuwa umekamilika. Desturi ya kazi inasema baada ya hapo hakuna anayegusa kitu, maana badiliko dogo laweza kuharibu jingine lililo mbali. Morimoto akamtia Mew katika nafasi ile. Mwenyewe amekiri kwamba jambo hilo leo lisingefikirika.

Mew hakutokea hewani. Katika jumba bovu la kisiwa cha Cinnabar, mchezaji husoma shajara za wanasayansi zinazoeleza kiumbe huyo aligunduliwa Guyana, Amerika Kusini, na kwamba ndiye aliyemzaa kiumbe mwingine, Mewtwo. Katika orodha ya ndani nafasi yake ni namba 21, kati ya Arcanine na Gyarados, kwenye sehemu ya viumbe wa mapema kabisa. Alikuwa na jina, alikuwa na hadithi, alikuwa na namba. Alichokosa ni mwili. Alama ya kuchelewa kwake imebaki wazi ndani ya kaseti. Takwimu za msingi za viumbe wengine 150, baiti 28 kwa kila mmoja, zimepangwa mfululizo mahali pamoja. Za Mew hazipo hapo. Zimewekwa peke yake katika sehemu nyingine ya kumbukumbu.

Haikukusudiwa wachezaji wampate. Hapakuwa na pango wala kichaka alimotokea. Lakini hitilafu ambazo watengenezaji hawakuzitarajia ziliwafanya wachezaji wachache wakutane naye, na habari ikaanza kusambaa kati ya watoto wa shule nchini Japani: yuko mmoja zaidi, wa 151. Hapo ndipo Ishihara na wenzake walipoona fursa. Jarida la watoto la CoroCoro lilitangaza bahati nasibu mwezi Aprili 1996: washindi 20 wangepewa Mew. Maombi yaliyofika yalikuwa kama 78,000.

Tufikirie hali ya wakati ule. Game Boy ilikuwa na umri wa miaka saba, mashine zenye nguvu zaidi zilikuwa zimeshika soko, na gemu nyingi huuza wiki za mwanzo kisha zikasahaulika. Pokémon ilienda kinyume. Iliuza kidogo mwanzoni, kisha mauzo yakapanda mwezi hadi mwezi, yakisukumwa na uvumi wa kiumbe aliyefichwa. Leo hesabu ya dunia nzima ya matoleo ya Nyekundu, Kijani na Buluu inapita nakala milioni 30. Mtu aliyeanza maisha kwa kuandika jarida la kufichua siri za gemu alijikuta ameokolewa na siri ndani ya gemu yake mwenyewe.

Kiumbe asiye na umbo

Gemu ilifika Marekani tarehe 28 Septemba 1998, matoleo ya Nyekundu na Buluu, na watoto wa huko wakagundua mabaki kwa njia nyingine. Inafaa tuifuate hatua kwa hatua.

Katika mji wa Viridian kuna mzee anayejitolea kumwonyesha mchezaji namna ya kukamata kiumbe. Wakati wa onyesho, jina linalotokea kwenye skrini linapaswa kuwa la mzee, si la mchezaji. Programu, kwa ubanaji wa nafasi, inalihifadhi jina la mchezaji kwa muda katika eneo la kumbukumbu linalotumika kuorodhesha viumbe wa porini wa mahali ulipo. Onyesho likiisha, jina linarudishwa kwa mwenyewe, lakini nakala yake haifutwi kule ilikoazimwa. Kwa kawaida hilo halina madhara, kwa kuwa ukiingia tu kwenye njia yenye majani, orodha mpya inaandikwa juu yake.

Mchezaji anaruka moja kwa moja hadi kisiwa cha Cinnabar, ambako hakuna majani na kwa hiyo hakuna orodha mpya. Anaogelea kando ya ufukwe wa mashariki. Ukanda ule mwembamba una kasoro: programu inauhesabu kana kwamba ni nchi kavu yenye viumbe. Inapotafuta nani atokee, inasoma orodha iliyobaki, na orodha hiyo sasa ni herufi za jina la mchezaji. Herufi moja inakuwa kiwango, nyingine inakuwa namba ya kiumbe. Wachezaji wawili wenye majina tofauti wakiogelea palepale hukutana na viumbe tofauti.

Herufi ikiangukia kwenye mojawapo ya nafasi 39 tupu, anatokea MissingNo., jina ambalo watengenezaji walilijaza katika kila nafasi tupu kuonyesha namba iliyokosekana. Mara nyingi ni fungu la nukta zilizovurugika lenye umbo la herufi L iliyogeuzwa. Kwa majina mengine hutokea akiwa mifupa ya Kabutops au ya Aerodactyl, picha zinazotumika kwenye jumba la makumbusho la mchezo, au akiwa mzimu wa mnara wa Lavender. Baada ya kukutana naye, kifaa cha sita mkobani huongezeka kwa 128. Watoto walikitumia hicho kujipatia peremende adimu zinazokuza viumbe haraka. Mwezi Mei 1999 jarida la Nintendo Power liliwaonya wasomaji kwamba kukutana naye kunaweza kuvuruga data za mchezo. Onyo halikuwazuia. Watoto wengi, bila kujua, walikuwa wakigusa mapengo ya Capsule Monsters kwa kutumia majina yao wenyewe.

Nchi nzima iliyotupwa

Wakati ulimwengu wa nje ukiipokea gemu ya kwanza, Game Freak ilikuwa tayari ndani ya kazi ya pili. Mwezi Novemba 1997, katika maonyesho ya Nintendo yaliyoitwa Space World huko Makuhari, karibu na Tokyo, watu walijaribu toleo la awali la Dhahabu na Fedha. Maonyesho yalipita, kaseti zile zikaondoka, na gemu kamili ikatoka tarehe 21 Novemba 1999 ikiwa imebadilika sana. Mwishoni mwa Mei 2018 data za toleo lile la maonyesho zilivuja, na kwa mara ya kwanza watu wa kawaida wakaweza kulichunguza.

Walikuta viumbe wapya 100 tayari wamo, na wengi wao hawakuwahi kuonekana tena. Kati ya watatu wa mwanzo, yule wa majani alikuja kuwa Chikorita, lakini wa moto alikuwa dubu na wa maji alikuwa mtoto wa sili. Wote wawili waliachwa, nafasi zao wakachukua Cyndaquil na Totodile. Ramani ndiyo iliyoshangaza zaidi. Ilifuata umbo la Japani nzima, kutoka visiwa vya kusini hadi Hokkaido, na Kanto, eneo lote la gemu ya kwanza, lilikuwa limefinywa kuwa sehemu ndogo tu humo.

Katika gemu iliyouzwa, uamuzi ni kinyume chake. Nchi ile kubwa iliachwa, likachorwa eneo jipya la Johto, na Kanto ikarudishwa ikiwa na miji yake, ili mchezaji aliyemaliza safari mpya arudi katika ile ya zamani. Satoru Iwata, wakati huo akiongoza maabara ya HAL, aliwasaidia kwa zana ya kubana picha ili ziingie kwenye kaseti. Huyu ndiye pia aliyezisoma programu za Nyekundu na Kijani na kuuhamishia mfumo wa mapambano kwenye Nintendo 64 kwa muda wa takriban wiki moja. Miaka miwili ya ucheleweshaji, ambayo wakati ule ilionekana kama udhaifu wa kampuni, sasa tunaweza kuipima kwa macho: ndiyo iliyotumika kubomoa nchi moja na kujenga nyingine.

Nani ashike mabaki

Ninaandika haya nikiwa na furaha ya kuyajua na mashaka juu ya njia yaliyotufikia. Vikosi vya Profesa Oak, namba za Rhydon na makazi ya pekee ya Mew vimepatikana kwa wapenzi wa gemu kuzichambua kaseti walizozinunua kihalali. Hiyo ni kazi ya kisomi, ya saburi, na inastahili heshima. Maneno ya Nishida, Nishino na Morimoto yalitolewa kwa hiari yao. Lakini sehemu nyingine imetoka kwa njia ya wizi. Mwezi Oktoba 2024 Game Freak ilitangaza kwamba mifumo yake iliingiliwa mwezi Agosti mwaka huo. Pamoja na michoro na nyaraka za zamani zilizosambazwa, majina na anwani za barua pepe za wafanyakazi, kumbukumbu 2,606, ziliibwa pia. Hakuna mchoro wa kale unaohalalisha kuwaanika watu waliokwenda tu kufanya kazi yao.

Hata hivyo wizi huo una upande ambao kampuni za gemu zinapaswa kuutazama. Watu wanataka kuijua historia hii, na wamiliki wakiifungia yote, atakayeitoa ni mwizi, tena bila mpangilio, bila maelezo na bila huruma. Fasihi ina miswada ya waandishi katika maktaba, na filamu zina vipande vilivyokatwa vinavyohifadhiwa kwenye hifadhi za kumbukumbu za taifa. Michezo ya video imekwisha kuwa sanaa yenye zaidi ya nusu karne, na wengi wa waanzilishi wake ni wazee. Wakati wa kuwaomba watoe daftari zao, waeleze kwa nini pambano la Oak lilikatwa na kwa nini mjeledi ulibaki, ni sasa wakiwa hai. Michoro michache ya Capsule Monsters iliyochapishwa imeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na kwamba halimpunguzii mtu heshima wala mauzo.

Na kwa kijana anayetengeneza gemu yake ya kwanza leo, funzo ni la vitendo. Usifute. Kila hatua itunzie nakala yenye tarehe: ramani uliyoiacha, adui aliyekuwa na nguvu kupita kiasi, jina ulilolibadilisha. Wahenga walisema akiba haiozi, na historia ya Pokémon inawaunga mkono, kwa maana thamani ya kilichosalia haikujulikana siku ya kukatwa. Baiti 300 zilionekana kuwa masalio ya mwisho kwenye kaseti iliyojaa, na ndizo zilizoibeba kampuni iliyokuwa karibu kuanguka.